Doa la Kijivu

Asubuhi hiyo mapokezi ya hospitali yalifurika watu. Watoto walilia, viti vilikwaruza sakafu, na kipaza sauti cha darini kiliita majina ambayo hakuna aliyeyasikia vizuri. Katikati ya ukumbi palikuwa na meza mpya, pana kama kitanda, na uso wake wote ulikuwa skrini. Ukiisogelea, inaitambua simu iliyo mfukoni mwako, inakufungulia kipande chako cha skrini na kukuelekeza uende chumba gani. Watu wengi wangeweza kuitumia kwa wakati mmoja bila kugombana. Hayo ndiyo yalikuwa makusudio.

Pembeni ya meza alisimama dada mmoja mwenye gauni la rangi ya chungwa na raba nyeupe, akijifanya mgonjwa. Hakuumwa popote. Yeye ndiye aliyeibuni meza hiyo, na alikuja kuchungulia watu wanavyohangaika nayo. Kila mtu alipobonyeza pasipofaa, Mbunifu aliuma mdomo.

Mfamasia wa hospitali akawa anapita na boksi la dawa mikononi, koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka kola inakata. Umati ukamsukuma, bega lake likagonga bega la Mbunifu. Hapo hapo meza ikaviunganisha vipande vyao viwili na kuandika kwa herufi zilizosomeka hadi mlangoni: KARIBUNI. NINYI NI FAMILIA YA WATU WAWILI. MTAINGIA PAMOJA.

Bibi mmoja nyuma yao akapiga kigelegele.

"Samahani dada," Mfamasia alisema, "sikujua kama tumeshaoana."

"Ni kosa la meza. Inapima umbali. Watu wakikaribiana sana inadhani wamekuja pamoja."

"Umejuaje?"

"Mimi ndiye niliyeifundisha."

"Kumbe mshenga ni wewe! Mbona hukuniambia mapema nikanyoa ndevu?"

Mbunifu alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka. "Rudi hatua moja nyuma, talaka itatoka yenyewe."

"Na nikikataa?"

"Utachelewesha dawa za watu."

"Hapo umenishika." Alirudi nyuma, vipande vikaachana. Saa ya chakula cha mchana alikuwa amerudi tena, bila boksi, akaiinamia meza na kuiuliza kwa sauti mbunifu wake anakula wapi. Mbunifu akamwambia meza haijui hayo, amuulize mwenyewe. Akamuuliza.

Mwaka haukuisha wakawa wachumba. Mbunifu alimwita Mfamasia Dawa, na Dawa alimwita mke wa meza, hata mbele ya watu. Simu zao zilikuwa za kipuuzi kiasi kwamba mtu wa pembeni angeona aibu.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nasubiri sauti yako ishuke tumboni kwanza."

"Dawa, nenda kale, acha uhuni."

Laiti mambo yangebaki hapo, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini kulikuwa na ukuta.

Kazi ya Mbunifu ilikuwa kuchora kile ambacho watu wanakiona na kukigusa kwenye vyombo vya pamoja: meza, milango, kuta zenye kompyuta ndani yake. Wenzake walikiita kiolesura, yeye alisema tu uso. Ofisi ilimwekea ukuta wa majaribio sebuleni kwake, kuanzia kwenye kochi hadi mlango wa jikoni, kwa maana mbunifu lazima aishi na makosa yake. Ukuta ulionyesha ujumbe, kalenda, picha, hata kilichopungua jikoni. Uliwatambua waliomo kwa simu zao, na ulikuwa na kanuni moja iliyompatia Mbunifu makofi ofisini. Kanuni ilisema ukuta uonyeshe yale tu ambayo kila aliyemo chumbani ameruhusiwa kuyaona. Mgeni akiingia, ya siri yanafifia, na yaliyobaki yanasogea kuziba pengo. Hakuna alama, hakuna aibu. Ni kama mwenye nyumba anayesukuma nguo chafu chini ya kitanda kabla mgeni hajaketi.

Safari za mwanzo Mfamasia aliona ni mchezo. Kisha akaanza kuona kwamba kila akiingia, kuna kitu kinatoka. Hakuwahi kukiona chenyewe, alikiona mkia tu, rangi ya samawati ikiyeyuka pembeni ya jicho.

"Nini kile kimeondoka?"

"Mambo ya kazi, mpenzi."

"Kazi yako inaniogopa mimi?"

"Inaogopa kila mtu. Njoo ukae."

Alikaa, lakini hakutulia. Na hakuwa mwendawazimu. Kitu kilikuwapo kweli.

Kilianza kwa simu ya mchana mmoja. Mpigaji alikuwa mama yake Mfamasia, fundi cherehani aliyestaafu, mwanamke wa kicheko kikubwa ambaye alimwita Mbunifu mkwe kabla hata mwanawe hajatamka neno uchumba.

"Mkwe wangu, uko peke yako?"

"Niko peke yangu, Mama."

"Na huo ukuta wako mbea?"

"Nao uko peke yake. Kuna nini?"

Mama alikohoa kidogo. "Wamekuta uvimbe tumboni. Siyo mdogo. Nataka mtu wa kunisindikiza, na mtu huyo si mwanangu."

"Lakini Mama, yeye ndiye mfamasia! Yeye ndiye..."

"Ndiyo maana. Atasoma jina la dawa moja tu, ajue nimefika wapi. Akijua, ataharakisha harusi ili niiwahi. Mtaoana kwa sababu ya ugonjwa wangu. Sitaki. Nataka siku nitakayovaa gauni nililojishonea, mtu aangalie gauni. Niapie."

Mbunifu aliapa. Tangu siku hiyo, kila wiki alimpitia Mama asubuhi, wakaenda hospitali ya upande wa pili wa jiji ambako hakuna aliyemjua mwanawe. Miadi na ujumbe wao vikakaa ukutani, vikifutika kila Mfamasia alipotia ufunguo mlangoni. Mbunifu alijiambia ni kwa muda mfupi tu. Alikuwa anampenda mwanamume huyu kuliko alivyowahi kukiri, na kila jioni alimdanganya usoni.

Jioni moja Mfamasia alifanya jambo la hovyo. Alijua ukuta unamtambua kwa simu yake. Basi akaifungia simu kwenye droo ya kazini, akaja bila kubisha, akafungua mlango polepole, akavua viatu na kuvishika mkononi.

Mbunifu alikuwa amesimama peku mbele ya ukuta, kavaa gauni la kijani la nyumbani, nywele kazifunga na kalamu. Ukuta ulikuwa umejaa. Hilo ndilo lililomchoma Mfamasia kabla hajasoma neno. Hakujua kama ukuta ule ulikuwa na mambo mengi kiasi kile. Katikati, ndani ya kisanduku cha samawati, akaudaka mstari mmoja: "Kesho asubuhi kama kawaida. Yeye asijue."

Ubao wa sakafu ukalia. Mbunifu akageuka, akamwona, akaubamiza ukuta kwa kiganja. Kila kitu kikazimika, na jina la aliyeandika likapotea kabla Mfamasia hajalifikia.

"Nani huyo?"

"Simu yako iko wapi?"

"Nimekuuliza, nani huyo?"

"Na mimi nimekuuliza. Ukuta haukuona ukiingia. Simu umeiacha wapi?"

"Kazini. Kwenye droo."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi."

Mbunifu alivitazama viatu vilivyoning'inia mkononi mwa mchumba wake. "Umenivizia nyumbani kwangu, Dawa. Kama mwizi."

"Wewe ndiye uliyenifikisha huku! Ukuta ukinificha, najisemea ni kanuni, ndivyo ulivyoupanga. Lakini sasa hivi ulikuwa mkono wako. Mkono huu huu ninaoushika tukivuka barabara."

Neno moja tu lingetosha kuokoa jioni ile, nalo lilikuwa Mama. Lilimfika Mbunifu mdomoni, akalimeza.

"Siwezi kukwambia."

"Ni mwanamume?"

"Siwezi kukwambia chochote."

Mfamasia aliweka ufunguo wa nyumba juu ya meza, taratibu, kana kwamba ungevunjika. Alitoka akiwa peku. Viatu alivivaa kwenye ngazi, na majirani wawili walimwona.

Zikafuata siku mbaya. Mbunifu alipiga, simu ikaita mpaka ikakata. Mfamasia naye alipiga wakati fulani, na aliposikia "Haloo, mpenzi?" akakata. Kazini alihesabu vidonge mara mbili mbili kwa kuwa hakujiamini tena. Alimchukia mwanamume ambaye hayupo, akampa sura, urefu, mpaka na gari.

Kesho yake tu baada ya ugomvi, asubuhi ya miadi, Mbunifu alimpitia Mama kama kawaida, macho yamevimba.

"Umelia?"

"Vitunguu, Mama."

"Saa hizi?"

"Ameondoka. Anadhani nina mtu. Naomba uniruhusu nimwambie."

Mama alitazama nje ya dirisha la teksi. "Nivumilie kidogo. Majibu ya mwisho yakitoka."

"Majibu yakitoka nitakuwa sina mchumba!"

"Mkwe wangu, nakuomba."

Kwa mara ya kwanza Mbunifu alimkasirikia bibi huyu, akamkasirikia hasa. Lakini alipomshika mkono kumteremsha, akakuta mkono wenyewe umekuwa mwepesi mno, hasira ikakosa pa kukaa.

Wiki hiyo ofisini walikutana kupanga kuta za wodini, zile ambazo ndugu wa mgonjwa wangezitazama pamoja. Mkuu wake, waliyemwita Miwani kwa kuwa kila mara anaitafuta miwani yake ikiwa kichwani kwake, alisema hakuna cha kujadili, kanuni wanayo tayari.

"Kanuni yangu ni mbaya," Mbunifu alisema.

"Ile iliyopigiwa makofi?"

"Hiyo hiyo. Inaficha, halafu inaficha kwamba imeficha."

"Hiyo ndiyo heshima, dada yangu. Mtu asiyehusika haoni kitu, basi, maisha yanaendelea."

"Hayaendelei. Anaingia, anaona wenzake wamenyamaza na ukuta umekuwa mweupe. Anabaki kukisia. Na mtu akianza kukisia, Miwani, hakisii mema."

"Kwa hiyo tumwonyeshe siri za watu?"

"Hapana. Tumwonyeshe kwamba ipo. Pengo lisizibwe. Pabaki doa, ukubwa ule ule, mahali pale pale."

"Utawagombanisha watu."

"Wameshagombana," alisema, na sauti ikamvunjika. Miwani akaona ni bora atafute miwani yake.

Alilichora doa mwenyewe, akalifuta, akalichora upya. Lisiwe jeusi, litatisha. Lisiwe zuri, litadhihaki. Lisitaje mtu. Mwisho akalipaka kijivu cha kawaida, akaliweka kwenye ukuta wa nyumbani kabla ya ule wa wodini, akamtumia Mfamasia ujumbe wa sauti: "Dawa, njoo. Sina jibu la kukupa, nina kitu cha kukuonyesha. Njoo na simu yako, tafadhali."

Mfamasia alisikiliza ujumbe ule mara nyingi kuliko alivyostahili, kisha akaenda. Shati lake lilikuwa na mikunjo, yeye ambaye kola zake zilikata. Alipoingia, ukuta ulifanya kama siku zote, mambo yakafifia. Lakini safari hii yaliyobaki hayakusogea. Katikati pakabaki doa la kijivu, pana kama sinia, lenye maneno madogo: Kuna jambo hapa. Bado halijafunguliwa kwako.

"Ndiyo nini hii?"

"Ndiyo ile uliyokuwa unaiona mkia."

"Kwa hiyo unakubali kuna kitu."

"Nakubali. Nilikwambia ni kazi, nikakudanganya. Haikuwa kazi."

"Ni mwanamume?"

"Nikikwambia siyo hili, utauliza kama ni lile, na mwisho nitakuwa nimesema. Nimekula kiapo kwa mtu. Kila wiki namwomba anifungue, hajanifungua. Ninachoweza kukupa ni doa."

"Na mimi nifanye nini na doa?"

"Kaa nalo. Au uondoke, sitakulaumu. Ila ukiondoka, uondoke kwa kitu ulichokiona, siyo ulichokikisia."

Mfamasia alikuwa na maneno makali aliyoyaandaa njia nzima, na yote yalihusu mtu mwongo. Mbele yake alikuwa na mtu anayemwambia wazi kwamba anaficha. Akaikumbuka droo, akavikumbuka viatu.

"Mimi niliyekuja kukuvizia," alisema, "sina mdomo wa kulaumu. Nisamehe kwa siku ile."

"Nisamehe kwa kiganja."

Alikaa. Ufunguo ulikuwa bado juu ya meza pale alipouacha.

Kuishi na doa hakukuwa rahisi. Jioni nyingine alilitania. "Shikamoo Doa," alisema akiingia, "umeshindaje?" Jioni nyingine alikula akiwa amelikodolea macho, hajui anachotafuna, na Mbunifu aliona misuli ya shingo yake ikikaza. Lakini hakuuliza tena, na kiti chake hakukigeuza.

Jumapili moja Mama akaja kuwatembelea. Gauni lake la maua alikuwa amelipunguza kiunoni, na mshono mpya ulionekana kwa anayejua kutazama.

"Mama umepungua."

"Nimeacha sukari, mwanangu. Na hilo nini ukutani? Nyumba imeota ukungu?"

"Huyo anaitwa Doa," Mfamasia alisema. "Tunaishi naye. Ana jambo lake, bado hajawa tayari kulisema. Simsumbui." Akaenda jikoni kuchemsha chai.

Mama alikuwa ameacha kutabasamu. Alimvuta Mbunifu karibu.

"Doa ni mimi?"

"Ni wewe, Mama."

"Anajua ni mimi?"

"Hajui. Anajua lipo."

"Na hakuulizi?"

"Aliacha kuuliza."

Mama akaitazama meza ya chakula, akaona kiti cha mwanawe kinavyoelekea ukutani. "Anakula anaangalia hivi?"

"Kila jioni."

Kutoka jikoni zilisikika sauti za vikombe na Mfamasia akiimba ovyo. Mama alifuta macho kwa ncha ya mtandio, akapiga moyo konde. "Linafunguliwaje?"

"Gusa mwenyewe, Mama. Mimi sina uwezo huo. Nilijinyima."

"Baba!" Mama aliita, kama alivyomwita alipokuwa mtoto. "Hebu acha vikombe, njoo hapa."

Alipotokea mlangoni, mama yake alinyoosha kidole na kuligusa doa.

Kijivu kikafunguka. Zikatokea tarehe, ujumbe, jina la hospitali, na chini yake majina ya dawa. Mfamasia hakuhitaji mtu wa kumweleza. Alisoma, midomo ikicheza bila sauti, kama afanyavyo dirishani anapokagua dawa za wagonjwa. Dawa za juu zilikuwa za kupigana na ugonjwa. Alipofika ya mwisho, midomo ikasimama.

"Hii wamekupa lini?"

"Wiki hii."

"Hii haitibu, Mama. Hii ni ya maumivu tu."

"Najua, mwanangu. Wamenieleza."

Akamgeukia Mbunifu. "Ulijua."

"Nilijua."

"Miezi yote hii. Ningempeleka mimi! Ningekaa naye mimi!"

"Mlaumu mama yako," Mama alisema. "Huyu alinisihi mpaka nikamchoka."

Mfamasia alitoka nje kwenye ngazi, mlango ukajifunga nyuma yake, na wakamsikia akilia kwa sauti, mtu mzima, bila kujificha. Mama alitaka kuinuka amfuate. Mbunifu akamshika, na kwa mazoea ya kazi yake akautupia jicho ukuta. Simu ya Dawa ilikuwa imetoka chumbani. Zamani, akitoka hivi, ukuta ulijaa mara moja. Sasa hakuna kilichosogea.

Baadaye mlango ulifunguka. Mbunifu akautazama ukuta. Mfamasia aliingia, macho mekundu, na hakuna kilichofutika.

Akaketi chini, miguuni pa mama yake, akaegemeza kichwa kwenye gauni la maua. Mkono mmoja akaunyoosha nyuma bila kutazama, na Mbunifu akaushika.

"Kesho saa ngapi?"

"Asubuhi mapema," Mbunifu alisema.

"Tunakwenda wote." Akamgeukia Mbunifu. "Na wewe, mke wa meza. Bado unamtaka mtu aliyeingia kwako na viatu mkononi?"

"Namtaka. Hata akiwa peku."

"Basi hatungoji tena."

"Ndicho nilichokikataa!" Mama alidakia. "Harusi ya haraka kwa ajili ya mgonjwa! Mimi nataka watu watazame gauni nililojishonea, si ugonjwa!"

"Mama, mimi nilikuwa nimechelewa kabla hujaugua. Lete hilo gauni ulilojishonea, tuone kama litatazamwa."

Mama alicheka, kicheko kile kikubwa, kikamwishia kwenye kikohozi.

Asubuhi, katika hospitali ya upande wa pili wa jiji, hakukuwa na meza ya kisasa. Kulikuwa na dirisha la kioo na karani aliyesinzia. Aliwatazama, kijana aliyemshika bibi mkono wa kulia na dada aliyemshika wa kushoto, akawauliza wako wangapi na wako pamoja au vipi.

"Familia moja," Mfamasia alisema. "Watu watatu. Tutaingia pamoja."